Je, wajua kwa nini gemu ya ngumi ikitolewa upya mashabiki wake huja juu?

"Makucha hayumo, mjomba."

Mpwa wangu ana miaka 11. Alikuwa ameazima diski ya Marvel vs. Capcom: Infinite kwa rafikiye wa chuoni, na tangu adhuhuri hakutulia akingoja umeme urudi. Uliporudi, akawasha, akafika penye picha za wapiganaji, akazipitia moja moja hadi mwisho. Akaanza tena, mara hii polepole, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye karatasi ya matokeo iliyobandikwa ukutani. Kisha akaiweka pedi ya kuchezea mkekani. Makucha ni Wolverine. Hapa Amu, yaani Lamu, watoto humwita mtu wa gemu kwa kile wanachokiona: Chun-Li ni Mdada wa Mateke, Hulk ni Jibaba la Kijani. Siku ile hakupiga hata raundi moja.

Sikumlaumu. Gemu hiyo ilipotoka Septemba 2017, watu wazima wa Marekani, Ulaya na Japani walifanya kama yeye, tena kwa kelele zaidi. Ndipo linapokuja swali. Gemu za kwanza za ukoo huu zilipendwa hadi watu wakazitunza kwa miaka zaidi ya 20. Iweje zilizofuata, zenye picha nzuri zaidi na mashine zenye nguvu zaidi, ziwatie hasira wale wale waliozingoja?

Tuanze na namna ya gemu yenyewe. Gemu ya ngumi ya kawaida ina watu wake. Ryu na Chun-Li ni wa Street Fighter, mali ya kampuni ya Capcom ya Osaka. Spider-Man, Hulk na Wolverine ni wa Marvel ya Marekani, waliozaliwa kwenye vitabu vya katuni. Gemu ya mseto huwatoa hawa na wale majumbani kwao ikawakutanisha uwanja mmoja. Capcom ilianza kwa kuwapiganisha X-Men, kundi la Wolverine ndani ya Marvel, peke yao mwaka 1994, ikaleta mashujaa wengine wa Marvel mwaka 1995, na mwaka 1996 ikawagonganisha X-Men na Street Fighter. Mwaka 1998 ikatoka Marvel vs. Capcom, yenye watu 15 wa kuchagua mbali na waliofichwa. Mwaka 2000 ikaja ya pili, na humo wakajaa watu 56, 28 kila upande.

Mtu wa Amu hana haja ya kufafanuliwa sana utamu wake. Mji wetu una Mkomani na una Langoni, na ushindani wa pande hizo ni wa tangu enzi za mababu. Mfungo Sita ukiingia, wageni wakaja kwa Maulidi, punda wakashindanishwa pwani na mashua zikatweka matanga, hakuna anayesimama pale kutazama mbio tu. Kila mtu ana punda wake, ana nahodha wake, ana upande wake. Mapenzi hayo hakuyapata siku ile ukingoni mwa maji. Alitoka nayo nyumbani. Basi ndivyo ilivyo gemu ya mseto. Shabiki anapoketi mbele ya kioo ameshampenda mtu wake zamani, kwenye kitabu, kwenye katuni za televisheni, au kwenye gemu nyingine. Anayeitengeneza anapewa mapenzi ambayo hakuyafanyia kazi. Ni neema kubwa, na ni deni pia.

Mimi nilizikuta gemu hizi kwenye kibanda kilichokuwa nyuma ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu. Kilikuwa chumba kimoja chenye televisheni mbili za mgongo mkubwa, feni, na ami mwenye kibanda akiwa na saa mkononi. Tulicheza Marvel vs. Capcom ya PlayStation ya kwanza kwa diski iliyochomwa. Wolverine alikuwa mmoja, nasi tulikuwa wawili, mimi na kaka yangu, na kila mara tuligombana nani amchukue. Wakati ule hatukujua kwamba gemu tuliyokuwa nayo ilikuwa imepunguzwa. Kwenye mashine za mtaani za Japani na Marekani, mchezaji aliweza kumtoa mtu wake katikati ya pigano na kumwingiza mwenzake. PlayStation ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 2 tu, haikutosha kubeba michoro ya watu wanne kwa mpigo, basi mwenzako akawa wa kuitwa asaidie kidogo na kuondoka. Waliokuwa na mashine ya Saturn kule Japani waliuziwa kadi ya kuongeza kumbukumbu, wakapata gemu za namna hii zikiwa kamili. Sisi tuliipenda hivyo hivyo.

Ya pili ndiyo iliyowateka watu, na inafaa kuitazama kwa karibu, maana kwa macho ya haraka haraka ilikuwa na kasoro nyingi. Magneto, Storm na Sentinel waliingia na michoro ile ile ya mwaka 1994. Uwanja wa nyuma ulikuwa wa kisasa, watu wa mbele ni wa zamani, na mtu anaona waziwazi kwamba havikuchorwa siku moja. Muziki wake ulikuwa wa jazi, na wapo walioona haufai kabisa kwa ngumi. Nguvu za wapiganaji hazikulingana hata kidogo: kati ya watu wote 56, mabingwa waliegemea hasa wanne, yaani Magneto, Storm, Sentinel na Cable. Ndani ya mashine mlikuwa pia na mianya ambayo watengenezaji hawakuikusudia, na wachezaji wakaigeuza kuwa ufundi. Pamoja na hayo yote ilipendwa, kwa sababu kila mtu alimkuta mtu wake. Wolverine walikuwa wawili humo, mmoja wa makucha ya chuma na mwingine wa makucha ya mfupa.

Shikilia hilo la wale wanne. Wote wanatoka kwenye ulimwengu wa X-Men.

Mashabiki wakangoja miaka 11. Februari 2011 ikatoka Marvel vs. Capcom 3, na malalamiko yake ya kwanza yalikuwa ya mkono. Kwenye ya pili kulikuwa na vitufe vinne vya kupiga, ngumi mbili na mateke mawili, hafifu na kali, na viwili vya kuita wenzako. Ya tatu ikaondoa mpango wa ngumi na mateke. Ikaweka pigo hafifu, la kati na kali, na kitufe kimoja cha kumrusha adui juu. Ikaongeza pia nguvu ya kutumiwa mara moja kwa pigano, inayomfanya mpiganaji awe na kasi na pigo zito, na inayozidi makali kadiri wenzako walivyokwisha kuanguka. Wakongwe wakasema inamtunza anayeshindwa.

Kwa asiyecheza, haya yote ni kubadilishwa vitufe tu. Lakini gemu hizi huonyesha picha 60 kwa sekunde moja, na kombo nyingine, yaani mapigo ya kuunganishwa mfululizo, zinataka ubonyeze ndani ya picha mbili au tatu. Muda huo hautoshi kufikiri. Mkono ndio unaojua. Tazama kirumbizi harusini. Zumari inalia, ngoma zinajibu, wawili wanaingia katikati na fimbo zao. Mchezaji hodari hangoji aione fimbo ya mwenzake ikishuka. Mwili unasikia ngoma na mkono unainuka wenyewe. Sasa mbadilishie pigo la ngoma. Fimbo ni ile ile, uwanja ni ule ule, na mkono aliouzoesha tangu ujana unabaki hewani. Mtu aliyeifanyia mazoezi Marvel vs. Capcom 2 kwa miaka 11 aliupata uchungu huo mwaka 2011, na ninaamini ulikuwa uchungu wa kweli, si kudeka.

Kisha pesa zikaingilia. Novemba ya mwaka ule ule, miezi tisa tu baadaye, Capcom ikaleta toleo lililoongezwa watu 12, likiitwa Ultimate, kwa diski mpya ya kununuliwa kwa dola 40. Kampuni ilieleza kwamba tetemeko kubwa la Machi 2011 kule Japani lilivuruga mpango wa kuwaongeza watu hao kidogo kidogo kupitia intaneti. Waliokwisha kulipa dola 60 mwezi Februari walihisi wameonewa.

Hata hivyo hasira ile iliisha. Ultimate ikawa gemu ya kupendwa, ikashindaniwa mwaka baada ya mwaka huko Las Vegas kwenye Evo, mashindano makubwa ya gemu za ngumi, na waliokuwa wakilalamikia vitufe wakawa ndio wanaowafundisha wadogo zao. Hapo ndipo jibu la swali linapoanza kuonekana. Mkono hujifunza upya. Utauma mwezi, utauma mwaka, kisha utazoea ngoma mpya.

Mwaka 2017 mambo yalikuwa kinyume. Tuseme haki: wengi walioshika pedi ya Infinite walikiri kwamba upiganaji wake ni mzuri. Timu ilikuwa ya watu wawili badala ya watatu, kubadilishana kulikuwa huru kuliko wakati wowote, na mawe sita ya nguvu yaliongeza ujanja mwingi. Mkono uliridhika. Ila katika watu 30 waliotoka nayo siku ya kwanza, na sita walioongezwa kwa malipo, hapakuwa na hata mmoja wa X-Men. Magneto hakuwemo, Storm hakuwemo, Wolverine hakuwemo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mseto huu uitwe Marvel vs. Capcom.

Mashabiki walikuwa na maelezo yao. Wakati ule haki za kutengeneza filamu za X-Men zilikuwa mikononi mwa Fox, huku Marvel ikiwa mali ya Disney, na kina Iron Man na Gamora waliotawala filamu za Disney ndio waliosukumwa mbele. Mwakilishi mmoja wa Capcom alijaribu kuwatuliza kwa kusema kwamba ukifikiri vizuri, mpiganaji ni kazi anayofanya tu uwanjani. Ukimkosa Magneto, yuko mwingine anayepaa na kushambulia kama yeye. Maneno hayo yaliwachoma watu kuliko gemu yenyewe. Mwambie mtu wa Langoni kwamba punda wa kwao mwaka huu hakimbii, lakini yuko wa Mkomani mwenye mwendo ule ule, uone kama atashangilia.

Na uso nao ulikuwa na lake. Ilipoonyeshwa kabla ya kutoka, uso wa Chun-Li ulichekwa mno, ikabidi Capcom iufanyie kazi upya. Sitaki kuliona hilo kuwa dogo. Mtu uliyemzoea kwa zaidi ya miaka 20 akija na uso wa mtu mwingine, unashtuka kabla hujajua kwa nini. Mwaka 2018 Infinite haikuwekwa kwenye orodha kuu ya Evo, na nafasi ya gemu ya kupigana kwa timu ikachukuliwa na Dragon Ball FighterZ, iliyotoka Januari mwaka ule.

Ukizilinganisha hizi mbili unaona kile ambacho mashabiki huhesabu. Ya 2011 iliugusa mkono ikambakiza mtu wao, ikasamehewa. Ya 2017 iliuridhisha mkono ikamwondoa mtu wao, ikaachwa. Na ushahidi mzito zaidi ulikuja mwishoni mwa 2024. Kikundi cha mashabiki wenyewe, bila kulipwa na kampuni, kilitoa kazi kubwa ya kuikarabati Infinite kwenye kompyuta, iliyokuwa imewachukua muda mrefu. Walikuwa huru kubadili chochote. Nguvu zao nyingi walizipeleka kwenye sura: wakapaka rangi upya kila mpiganaji na kila uwanja, wafanane na kurasa za vitabu vya katuni walikotoka.

Miezi michache kabla ya hapo, Septemba 2024, Capcom ilikuwa imefanya jambo ambalo mashabiki walikuwa wakilililia kwa miaka. Marvel vs. Capcom 2 ilikuwa imeondolewa kwenye maduka ya intaneti tangu Desemba 2013, leseni ilipokwisha, na aliyetaka kuinunua alilazimika kusaka diski za zamani. Sasa ikarudishwa pamoja na wenzake wa tangu 1994 na The Punisher ya 1993, gemu saba kwa kifurushi kimoja, na safari hii ile ya 1998 ikiwa kamili, na kubadilishana kwake kote ambako PlayStation yetu ilishindwa kukubeba.

Nilimnunulia mpwa wangu. Kaka yangu alipita jioni baada ya Magharibi, akavua viatu, akaketi mkekani bila kuulizwa, akachukua pedi ya pili. Tukafungua ile ya mwaka 2000. Muziki wa jazi ukaanza, na kijana akaanza kupekua safu kwa safu kama siku ile. Akasimama. Akasogea kidogo. Akasimama tena.

"Mjomba," akasema, "Makucha wako wawili."

Kaka yangu alikuwa ameshamchukua wa makucha ya mfupa.