Panya asiyekunywa na ndege anayezidiwa na maji

Kwetu sisi tunaochunguza figo za wanyama, anayesifiwa kuliko wote ni panya-kangaruu wa majangwa ya Amerika Kaskazini. Anastahili. Anaweza kuishi bila kunywa hata tone. Wanasayansi Bodil na Knut Schmidt-Nielsen walimchunguza kule Arizona wakaeleza siri yake: maji mengi anayoyategemea hutengenezwa mwilini chakula kinapochomwa. Gramu 1 ya wanga hutoa takribani gramu 0.6 za maji.

Baada ya hapo kazi ni kuyabana. Mchana kutwa yumo shimoni. Pumzi anayoitoa hupoa inapopita puani, na sehemu ya mvuke wake hugeuka maji papo hapo kabla haijatoka. Ndani ya figo zake mna vitanzi virefu vya Henle, yaani vijia vilivyopinda vinavyosaidia kuubana mkojo, na mkojo wake unaweza kuwa mzito zaidi ya mara tatu kuliko ule mzito kabisa wa binadamu.

Hata hivyo, mimi anayenistaajabisha zaidi ni chozi. Ndege huyu wa kitropiki, ambaye mara nyingi hafikishi gramu 15, anaishi kwa nekta, na nekta ni maji yenye sukari. Ikiwa nyepesi, hana budi kunywa zaidi ili apate sukari ileile, hadi anywe mara kadhaa ya uzito wake kwa siku. Mtazame akiwa mauani: kila mara anadondosha matone maangavu, karibu maji matupu.

Msidhani kumwaga maji ni kazi nyepesi. Nekta ina chumvi kidogo mno, hivyo figo lazima ziirudishe sodiamu kwenye damu huku zikiyaachia maji yaende. Tena figo hazibebi mzigo huo peke yake. Kwa chozi wa Palestina imeonekana kwamba nekta ikiwa nyepesi, utumbo hufyonza karibu sukari yote na kuyaacha maji mengi yapitilize bila kuingia kwenye damu. Panya-kangaruu hahitaji kabisa ufundi huo.

Kisha jua linazama. Chozi hanywi chochote hadi alfajiri, ilhali pumzi na ngozi zinaendelea kumpotezea maji. Sasa shida yake ni ileile ya panya wa jangwani, lakini nefroni zake nyingi, yaani vichujio vidogo vya figo, hazina vitanzi vya kuubana mkojo.