Seva iko chini, lakini chini wapi?

Juzi nilikuwa dirishani kulipia kibali, kijana anayehudumia akaniambia, "Samahani kaka, seva iko chini." Nikachungulia. Kweli ilikuwa chini: chini ya meza, kisanduku cheusi kimeegemea ukuta, taa ya kijani inawaka, feni inavuma. Dirisha la pili wakiendelea kufungua mafaili yao kutoka kisanduku hichohicho, wala hawana habari. Baada ya robo saa akaja fundi, akakizima chote na kukiwasha upya. Wa dirisha la pili nao wakaanza kulalamika.

Seva ni programu inayokaa ikisubiri maombi ya programu nyingine na kuyajibu. Basi. Mashine inayoibeba nayo huitwa seva kwa mazoea, na mazoea hayo ndiyo yaliyowaponza wa dirisha la pili.

Neno lenyewe tumelichukua kwa Waingereza, na asili yake ni Kilatini, servire, kutumikia, lenye ukoo mmoja na servus, mtumwa. Kwetu nako mtumwa na mtumishi ni ndugu, wote watoto wa kitenzi "tuma". Kabla halijazoeleka kwenye kompyuta, neno hilo lilikuwa la wanahisabati wa foleni. Kwa mmoja wao, David Kendall, aliyeandika mwaka 1953, seva ni yeyote anayehudumia wanaosubiri kwenye mstari. Kwa hesabu hiyo, seva pale dirishani alikuwa yule kijana mwenyewe!

Yaani neno linataja kazi, halitaji umbo. Mwalimu ni mwalimu kwa kufundisha, si kwa urefu. Seva ya kwanza ya wavuti, ya Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa wavuti, pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia Uswisi, ilikaa kwenye kompyuta ya NeXT ya kuwekwa mezani. Ilibandikwa karatasi yenye maandishi ya wino mwekundu: mashine hii ni seva, usiizime. Wangeijuaje bila karatasi? Na katika mfumo wa X, unaochora madirisha ya programu kwenye skrini, ulioanza chuo cha MIT Marekani mwaka 1984, mambo yamegeuka kabisa: seva ndiyo iliyo kwenye kompyuta iliyo mbele yako, kwa sababu ndiyo yenye skrini na kibodi, na programu iliyoko mbali, hata kama iko kwenye mtambo mkubwa kama kabati, ndiyo mteja, yaani inayoomba huduma.

Najua kuna mashine zinazouzwa kwa jina hilo. Zina pawasaplai (kifaa cha kuipa mashine umeme) mbili ili moja ikifa nyingine ishike, zina memori inayosahihisha makosa yake yenyewe, na nyingi zina umbo bapa la kuingia kwenye raki, fremu ya kupangia mashine, ya inchi 19. Ni mashine nzuri, zimetengenezwa kubeba seva. Usipoweka programu, umenunua hita yenye kelele. Microsoft nao wakaongeza chumvi kwa kuuza mfumo endeshi unaoitwa Windows Server, na sasa wapo wanaoamini kwamba ukishausakinisha kazi imekwisha.

Kisanduku kimoja hubeba seva nyingi, kila moja na mlango wake, yaani namba ambayo maombi yake hupitia: ya wavuti mlango wa 80 au 443, ya barua pepe 25, ya hifadhidata ya PostgreSQL 5432. Moja inaweza kuzirai na wenzake wasijue. Fundi akiwasha upya ile iliyozirai tu, ni kazi ya sekunde chache, na hakuna anayekatiwa kazi yake.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa dirishani, siku nyingine niambie "mfumo wa malipo umesimama, mashine ni nzima." Na fundi akija mwambie hivyohivyo, kabla hajainama chini ya meza.