Kadi ya ISA iliyonyamaza: pima umeme kabla ya kulaumu chipu

Kompyuta za 486 (kizazi cha zamani cha prosesa) zinazofika mezani kwangu hapa Kampala haziletwi na watu wanaopenda vitu vya kale. Nyuma ya kila moja kuna mashine nzima inayoitegemea, na mwenye mashine hana fedha za kununua nyingine eti kwa sababu kompyuta yake imezeeka. Kadi moja ya ISA, yaani bodi ndogo inayochomekwa kwenye tundu la ndani ya kompyuta, ikifa, kazi imesimama. Ndiyo maana hunisikitisha kuona fundi akiitupa kadi ambayo ingepona kwa kifaa cha bei ndogo.

Ya karibuni ilitoka kwenye karakana ya kudarizi sare za shule, Kawempe. Nembo za masweta hutumwa kutoka kompyuta hadi mashine ya kudarizi kwa poti ya siriali, inayotuma data biti moja baada ya nyingine, na poti hiyo iko kwenye kadi ya ISA. Baada ya usiku wa radi, kompyuta ilikataa kuwaka: feni inashtuka, kisha inatulia. "Fundi, imekufa au imelala tu?" Hajjati, mwenye karakana, aliniuliza, na Februari, shule zinapofunguliwa, ilikuwa inakaribia.

Feni ikishtuka hivyo na kusimama, mara nyingi pawa saplai imekutana na shoti ikajizima. Nilichomoa kadi zote, nikaacha ya picha pekee. Ikawaka. Nikarudisha moja moja, nikizima kila mara, hadi kadi ya siriali ilipoizima tena.

Kuanzia hapo kadi hairudi kwenye tundu mpaka mita iseme. Tundu la biti 8 lilikuja na IBM PC mwaka 1981, lina migusano 62. PC/AT ya 1984 iliongeza mingine 36 kwa ajili ya biti 16. Njia kuu za umeme bado ziko kwenye sehemu ile ya mwanzo. Geuza kadi uone upande wenye lehemu, huo ndio upande B, uhesabu kuanzia kwenye bati la nyuma. B1 ni athi, B3 ni volti +5, B5 ni −5, B7 ni −12, B9 ni +12. Weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani, ncha moja ikae B1, nyingine ipite kwenye hizo zote. Kwenye kadi ya Hajjati zote zilikuwa sawa isipokuwa B7, ambayo ilishuka karibu na sifuri.

Mshukiwa wa kwanza kwenye njia za volti 12 ni kapasita ya tantalamu, kile kitone cha rangi ya chungwa au njano. Nyingi zilitengenezwa kuhimili volti 16, nafasi ndogo mno kwa umeme unaorukaruka. Nyingine hupasuka na kuacha alama nyeusi. Hii ilikuwa nzima kwa macho. Niliinua mguu wake mmoja, shoti ikaondoka. Nikaweka ya volti 35.

Hapa nawaomba muwe makini sana. Kwenye tantalamu alama huonyesha mguu wa chanya, tofauti na kapasita za kawaida za kopo, ambazo mstari wake huonyesha hasi. Na kwenye njia ya −12 mguu wa chanya unakwenda kwenye athi. Ukiuweka kwa mazoea ya njia ya +12, itakulipukia usoni.

Kompyuta ikawaka, lakini mashine ya kudarizi haikupokea kitu. Katika DOS, mfumo endeshi wa kompyuta hiyo, nilifungua DEBUG, programu ya kutazama kumbukumbu, nikaandika d 40:0. Baiti nne za mwanzo zilikuwa F8 03 F8 02, yaani BIOS, programu inayoamsha kompyuta, imeziona poti zote mbili kwa anwani zake, 3F8 na 2F8 (kila jozi ya baiti husomwa kinyumenyume). Jibu hilo lina thamani kubwa: chipu ya siriali inajibu, na kadi inaongea na madabodi. Kwa hiyo ubovu uko upande wa nje, kuelekea kebo. (Kama kungekuwa na modemu ya ndani kwenye COM3, yaani poti ya siriali ya tatu, ningetazama kwanza jampa, vile viunganishi vidogo vya kupangia kadi, kwa kuwa COM1 na COM3 hugombania IRQ 4, laini moja ya kuita prosesa.)

Poti ya pini 9 ikiwa imetulia, pini ya 3 ikipimwa dhidi ya pini ya 5 inapaswa kuonyesha volti hasi, karibu −10. Nilipata sifuri. Nikapima chipu ya 1488, inayosukuma ishara nje: −12 ilikuwepo kwenye pini ya 1, +12 kwenye pini ya 14. Inakula lakini haifanyi kazi. Nilikata miguu yake, nikalehemu soketi, nikachomeka mpya. Kisha nikaunganisha pini 2 na 3 kwa kipande cha waya, na kila herufi niliyoandika ikarudi kwenye skrini.

Migusano niliisafisha kwa spiriti na pamba tu. Wanaosugua kwa raba wanamaliza dhahabu, nayo ni nyembamba.

Mashine na kompyuta zilikuwa kwenye soketi za kuta mbili tofauti, na kebo ndefu katikati. Radi ikipiga, athi za pande hizo mbili hazilingani, na tofauti hiyo inapita ndani ya kebo hadi kwenye 1488. Nimewahamishia zote kwenye soketi moja yenye athi nzuri, na vijana wa karakana sasa huchomoa kebo ya siriali mvua ikitanda, pamoja na ile ya umeme.