Injini ikizima, ndege haianguki kama jiwe

Wengi huamini kwamba injini ya ndege ndogo ikizima angani, ndege huporomoka papo hapo. Sivyo. Kinachoibeba ndege ni mabawa; injini huisukuma tu mbele. Ndege ndogo yenye injini moja aina ya Cessna 172, iliyo mita 1,000 juu ya ardhi, injini ikiwa kimya, huweza kuteleza hewani takriban kilomita 9 pasipo upepo, mradi rubani ashikilie kasi ya kama kilomita 125 kwa saa.

Kwenye kasi hiyo ndipo roho za watu zilipo. Rubani aliyeshikwa na hofu huvuta usukani ili ndege isishuke. Kasi hupungua, mabawa hushindwa kubeba, na hapo ndege huanguka kweli. Kwa hiyo rubani makini kwanza hurekebisha pua ya ndege apate kasi ile, kisha huchagua mahali pa kutua, ndipo atafute chanzo: pengine tangi moja la mafuta limekauka na jingine limejaa, au barafu imeganda ndani ya kabureta (kifaa kinachochanganya mafuta na hewa), jambo linalotokea hata siku ya joto lenye unyevunyevu. Kuzungumza kwa redio husubiri.

Injini ikizima mara tu baada ya kuruka, kugeuka kurudi uwanjani kumeua marubani wengi, maana kimo hakitoshi. Hutuliwa mbele, hata kama ni shambani.