Misuli ya ndani ya mgongo ni ipi hasa?

Siku hizi kuna usemi umeenea Dar es Salaam, kuanzia kwenye majimu ya Sinza na Kinondoni hadi kwa vijana wanaofanya mazoezi ya asubuhi pale Coco Beach: "Hili zoezi linaingia misuli ya ndani ya mgongo." Nimeusikia ukisemwa kuhusu kuvuta chuma kutoka juu, kuhusu pushapu, hata kuhusu kuning'inia tu kwenye bomba. Wanaochua watu nao wanao, wakieleza kwamba wamekandamiza hadi wakafika ndani. Wanaousema wana nia njema. Tatizo ni kwamba wanadhani "ndani" ni habari ya kina tu, yaani kilicho karibu na ngozi ni cha nje na kilichofunikwa ni cha ndani. Wanaanatomia, yaani wataalamu wa maumbile ya mwili, hawaugawi mgongo namna hiyo, na tofauti hiyo si ya vitabuni tu, kwa sababu daktari huitumia kumpima mgonjwa.

Maana yenyewe ni fupi. Misuli ya ndani ya mgongo ni ile iliyoota mgongoni tangu mtu akiwa tumboni mwa mama yake, iliyojishika kwenye pingili za uti wa mgongo, mbavu, nyonga na sehemu ya nyuma ya fuvu, kazi yake ni kuusimamisha na kuusogeza uti huo, na inapokea amri kupitia matawi ya nyuma ya neva za uti wa mgongo, yaani nyuzi zinazobeba amri za ubongo kwenda kwenye misuli. Katika hayo yote, linaloamua ni hilo la mwisho. Ukilishika hilo, mengine yote yanajipanga yenyewe.

Neva za uti wa mgongo ziko jozi 31. Kila neva ikishatoka kati ya pingili mbili hugawanyika karibu papo hapo. Tawi la mbele, ambalo kwa kawaida ndilo nene, huzunguka kwenda kifuani, tumboni, mikononi na miguuni. Tawi la nyuma hugeuka kurudi mgongoni, huzama kwenye nyama iliyoandamana na uti pande zote mbili, kisha huishia kwenye ukanda wa ngozi ya hapo hapo. Msuli unaopokea amri kwa tawi la nyuma ni wa mgongo. Unaopokea kwa tawi la mbele ni mgeni, hata kama umelala mgongoni tangu mtu azaliwe hadi afe.

Wageni hao ni wakubwa, na ndio tunaowaona. Chukua latisimasi, ule msuli mpana ambao watu wa jimu huuita mabawa. Unaanzia kiunoni na nyongani, unapanda ukijikusanya kuelekea kwapani, na mwisho wake uko kwenye mfupa wa mkono wa juu. Kazi yake ni kuushusha mkono na kuuvuta nyuma. Neva yake inatoka shingoni, kwenye neva za shingo za sita hadi ya nane. Mbona msuli unaofika kiunoni unaamriwa kutoka shingoni? Kwa sababu haukuota kiunoni. Katika wiki za mwanzo za mimba uliota pamoja na mkono, kisha ukatambaa kushuka mgongoni, ukiiburuta neva yake nyuma yake. Romboidi, zilizo kati ya uti na kombe la bega, nazo ni za bega. Trapezi, ile inayoanzia kisogoni na kutanda mabegani hadi katikati ya mgongo, inashangaza zaidi, kwa maana amri yake haitoki hata kwenye neva za uti wa mgongo: inatoka kwenye neva ya 11 ya kichwani.

Kati ya wageni hawa na wenyeji ipo tabaka nyembamba ya misuli midogo iliyoshikamana na mbavu, ambayo huhusishwa na upumuaji. Hiyo nayo hulishwa na matawi ya mbele. Niiache hapo.

Sasa, faida ya kujua haya. Hapa mjini kila siku kuna bodaboda zinazoanguka, na moja ya ajali mbaya ni ya dereva kuangukia bega, kichwa kikasukumwa upande huu na bega upande ule. Fungu la neva za mkono linavutwa, pengine linakatika. Mkono unalegea, na mabawa ya upande ule yanaweza kulegea pia, kwa kuwa ni msuli wa mkono. Swali kubwa la daktari ni kwamba neva imeumia wapi: imeng'oka kwenye shina lake kabisa, au imekatika mbele zaidi, baada ya kugawanyika? Njia mojawapo ya kujua ni kuchoma sindano nyembamba ya kupima umeme wa msuli kando ya uti shingoni, kwenye misuli ya ndani ya mgongo. Misuli hiyo ikiwa mizima, maana yake tawi la nyuma limesalimika na jeraha liko mbele ya mgawanyiko. Ikionyesha dalili za kukosa neva, jeraha liko kwenye shina, na habari hiyo hubadilisha mpango wote wa upasuaji. Kwa hiyo mtu anapoita latisimasi msuli wa ndani wa mgongo, anafuta mstari uleule ambao daktari anautegemea.

Wale wanaoshikilia kwamba kina ndicho kipimo, nawaomba wafike buchani. Fileti, ile nyama laini ambayo hoteli hugombania, iko ndani kuliko nyama nyingine yoyote ya kiunoni. Mchinjaji huitoa kwa upande wa tumboni, mbele ya pingili. Kwa binadamu msuli huo upo pia, unaitwa soasi. Umelala ubavuni mwa uti kabisa, hakuna kidole kitakachoufikia kutokea mgongoni. Lakini si msuli wa ndani wa mgongo. Unapokea amri kwa matawi ya mbele, unashuka kupita nyongani, na unalinyanyua paja unapopanda ngazi. Ile minofu mirefu iliyo upande wa pili wa mfupa, ya mgongoni kwa nje, ndiyo ya mgongo wenyewe. Yaani ya ndani iko nje, na iliyo ndani kabisa ni ya mguu.

Kwa kugusa pia unaweza kuthibitisha. Simama, weka vidole gumba viwili kiunoni, kimoja kila upande wa uti, kisha piga hatua palepale ulipo. Utahisi minofu miwili kama miamba midogo ikikaza kwa zamu. Hiyo ni misuli ya ndani ya mgongo, na uliipata chini ya ngozi, mafuta kidogo na utando mgumu. Ukishuka hadi kwenye mfupa wa chini ya kiuno, unakuta msuli uitwao multifidasi, ambao katika mpangilio wa misuli hii ni wa tabaka la chini kabisa, lakini pale umefunikwa na utando tu. Anayechua hana haja ya kukandamiza kwa kiwiko hadi mteja alie ili "afike ndani".

Majina yake ni mengi na sitayamaliza. Juu, shingoni, iko splenio inayogeuza kichwa. Inayofuata ni misuli mirefu inayosimamisha mgongo, mafungu matatu sambamba kila upande: iliokostalisi kwa nje kuelekea mbavuni, longisimasi katikati, na spinalisi iliyoukumbatia uti. Chini ya hiyo ndipo kuna misuli mifupi inayopanda kimshazari kutoka ubavu wa pingili moja kwenda kwenye mwiba wa pingili nyingine ya juu yake. Semispinalisi huruka pingili nyingi, multifidasi huruka mbili hadi nne hivi, na rotatore hazivuki zaidi ya mbili. Hii midogo kabisa haina nguvu ya kugeuza mwili, na wanaanatomia wengi wanaamini kazi yake kubwa ni kuupasha ubongo habari za mahali ilipo kila pingili.

Kwa nini kuwe na mirefu na mifupi? Hapa mlingoti wa jahazi unasaidia kuelewa. Kamba ndefu zinazotoka kileleni hadi ubavuni zinatosha kuushika mlingoti wa gogo moja. Lakini mlingoti uliounganishwa kwa vipande 24 utapinda katikati hata kamba ndefu zikikazwa namna gani, mpaka kila kiungo kifungwe kwa kamba yake fupi. Shingo ina pingili 7, kifua 12, kiuno 5. Jumla 24 zinazosogea. Maabara zimeshaujaribu uti wa kiuno ulioondolewa misuli yote na kubakiwa na kano zake, ukawekewa uzito kutoka juu. Ukapinda na kushindwa kwa mzigo wa nyutoni 90 hivi, yaani usiofika hata kilo 10. Ndoo ya maji ya lita 20 ni zaidi ya mara mbili ya hapo, na kina mama wanaitwika kichwani kila siku maji yanapokatika. Kinachozuia uti usikunjike ni misuli hii, ikikaza kidogo kidogo kila upande, bila mtu kuifikiria.

Jambo jingine linalosemwa vibaya ni kwamba kazi ya misuli hii ni kuinua. Inainua, ndiyo, lakini kwa sehemu kubwa ya siku kazi yake ni kuzuia. Unapoinama kuokota kitu hauhitaji msuli wa kukuinamisha, uzito wa mwili unatosha. Misuli ya mgongo ndiyo inayokulegeza polepole, ikirefuka huku imekaza, ili usidondoke. Na ukifika chini kabisa, mgongo umejikunja wote, misuli mirefu ya kiuno kwa watu wengi wazima hunyamaza. Jambo hilo lilipimwa kwa vifaa vya umeme tangu miaka ya 1950. Mzigo unahamia kwenye kano na kwenye kurefuka kwa tishu zenyewe. Makuli wa Kariakoo wanaopokea gunia wakiwa wamekunja magoti na mgongo haujainama hadi mwisho wanaibakiza misuli kazini muda wote, na nadhani wameyajua hayo kwa uzoefu kabla mashine hazijayaonyesha.

Multifidasi una habari yake inayonigusa zaidi. Katika miaka ya 1990, Julie Hides na Carolyn Richardson wa Australia, pamoja na wenzao, waliwapima kwa ultrasaundi watu waliopata maumivu makali ya kiuno kwa mara ya kwanza. Walikuta multifidasi umesinyaa, tena upande uleule wenye maumivu. Mwaka 1996 wakaonyesha kwamba maumivu yakiisha, msuli haurudi wenyewe kwenye ukubwa wake. Ulirudi vizuri zaidi kwa waliopewa mazoezi mahususi. Hapo ndipo maneno "misuli ya ndani ya mgongo" yalipopata umaarufu wake kwa watu wa fiziotherapia, kisha yakavuka kwenda jimu, na njiani yakapoteza maana yake. Mgonjwa anaambiwa aimarishe misuli ya ndani, anakwenda kuvuta chuma kutoka juu akiwa ameketi, anapata mabawa mazuri, na kiuno kinabaki kama kilivyokuwa. Hilo ndilo linaloniuma, maana aliyeumwa alitii maagizo.

Kwa hiyo kwa makocha wetu, kaka na dada zangu, sisemi muache mazoezi ya kuvuta. Sema tu kila zoezi linafanya nini. Mtu akipiga magoti na viganja vyake chini, akanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto bila kiuno kuyumba, hapo misuli ya ndani ya mgongo inafanya kazi kwelikweli, ingawa nje huoni kitu kikitutumka. Akivuta chuma huku kifua kimeegemea benchi, mwambie anajenga mikono na mabega. Akikivuta huku ameinama bila egemeo, basi mgongo wenyewe nao unabeba, kwa sababu unauzuia mwili usianguke mbele, na hapo unaweza kumwambia zoezi limeingia ndani.