Lori Kuukuu: Fungua Dramu Kwanza, Spea Baadaye

Dereva wa lori kuukuu akija karakana kulalamika kwamba breki zimeisha, mara nyingi ameshanunua viatu vipya vya breki na kuvitia mfukoni. Anachotaka ni vifungwe aondoke. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Ndani ya dramu moja, ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, mna viatu vya kuisugua, springi na silinda ya mafuta, na katikati yake pana habu, yaani kitovu cha gurudumu, yenye beringi mbili na sili ya kuzuia grisi. Kimoja kikiugua, jirani naye haponi. Sili ikichoka, grisi hulowesha viatu. Beringi ikilegea, dramu huyumba na viatu hulika upande. Breki ikikamata bila kuachia, joto huyeyusha grisi na beringi hukauka. Ukibadilisha viatu bila kujua kilichoviua, utairudia kazi hiyo muda si mrefu.

Nazungumzia hapa malori yenye breki za mafuta. Ya breki za upepo huwa na chemba yenye springi nzito iliyokandamizwa. Ikifunguliwa ovyo hufyatuka kwa nguvu ya kuua mtu. Hiyo muachie fundi mwenye vifaa vyake.

Simamisha gari pakavu, pasipo mteremko, zuia magurudumu yanayobaki chini, kisha kumbuka kuwa jeki ni ya kunyanyulia tu. Mzigo hubebwa na stendi. Na kabla ya kurukia nati kwa bomba refu, zitazame: malori mengi ya zamani yana nati za upande wa kushoto zinazofunguka kinyume, na nimeona bolti nzima zikikatwa na vijana wenye nguvu kwa sababu hakuna aliyeinama kusoma herufi L kwenye ncha yake.

Gurudumu likiwa hewani, shika tairi juu na chini, sukuma huku ukivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, ujaribu tena. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi; ukibaki vilevile, katazame kingipini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia) na viungo vya usukani. Jaribio hili la nusu dakika limeokoa beringi nyingi zisizo na hatia.

Dramu ikigoma kutoka, usiipige ukingoni, kwani chuma cha kusubu hupasuka. Mara nyingi inazuiwa na kingo iliyoachwa na ulikaji wake yenyewe, kwa hiyo legeza kirekebishi cha viatu kupitia tundu la bamba la nyuma ndipo uivute. Ikitoka, utakuta vumbi jeusi. Usilipulize kwa upepo wa kompresa, wala kwa mdomo. Viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo nyuzi zake zikiingia mapafuni huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya kufikia 2005, lakini lori kuukuu linaweza kuwa na viatu vya kabla ya hapo, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi, lowesha kwa maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa na ukitupe kikiwa bado kibichi, ndani ya mfuko uliofungwa.

Sasa tazama bila haraka. Dramu huandikwa kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa; ikikipita, hata kama inang'aa, ni chuma chakavu. Madoa ya buluu maana yake iliungua. Chungulia chini ya kifuniko cha mpira cha silinda: unyevu kidogo si neno, mafuta yakichuruzika silinda imekwisha. Viatu vilivyolowa grisi au mafuta ya breki havisafishwi kwa petroli wala havichomwi moto, kwa sababu mafuta yameshaingia ndani na yatarudi breki ikipata joto. Vinatupwa, na vya upande wa pili vinatupwa navyo, la sivyo lori litavutia upande mmoja kila ukikanyaga. Fungua upande mmoja tu kwa wakati, ili ule mwingine ukukumbushe springi ipi ilikaa wapi. Kwenye mifumo ambayo kiatu kimoja husukuma kingine, mara nyingi chenye laini fupi (tabaka la kusugua) hukaa mbele na chenye ndefu nyuma. Kuvigeuza ni kosa jepesi kulifanya na gumu kuligundua.

Beringi za rola za mshazari, ambazo Henry Timken na mwenzake walizipatia hataza mwaka 1898, zilibuniwa na mtu wa magari ya farasi aliyechoka kuona magurudumu yakifa kwenye kona. Ndizo zilizomo katika habu za malori mengi hadi leo. Zioshe kwa mafuta ya taa, zikaushe, ila usizizungushe kwa upepo wa kompresa ili zilie. Zinaweza kufumuka usoni. Peleka kikombe, yaani pete ya nje ya beringi, kwenye mwanga na upitishe ukucha ndani yake. Ukucha ukikwama kwenye kijishimo au mstari, basi beringi imekwisha. Rangi ya buluu au kahawia iliyokoza ni alama ya joto. Koni mpya, yaani pete ya ndani yenye rola, haiwekwi juu ya kikombe cha zamani; kikombe hicho kina makovu ya koni yake ya awali.

Kupaka grisi ni kazi ya kiganja. Weka bonge la grisi kiganjani, shika beringi kwa mkono wa pili na ukwangue ukingo wake mpana kwenye bonge hilo, tena na tena, mpaka grisi ichungulie juu katikati ya rola. Zungusha kidogo, endelea. Grisi ya nje tu ni mapambo. Usichanganye mpya na ya zamani, na sili iwe mpya kila mara.

Ukazaji ndio unaowashinda wengi. Nilipokuwa mwanafunzi niliikaza nati ya stabu (ekseli fupi inayobeba habu) kama nati ya gurudumu, nikajisifu kwamba hakuna mchezo hata chembe. Kilomita chache baadaye habu ilikuwa inatoa moshi. Njia sahihi ni kuzungusha gurudumu huku unakaza hadi uhisi uzito, ili rola zikae mahali pake. Kisha legeza kabisa, ukaze tena kwa vidole tu. Tundu la kotapini, pini ya kuzuia nati isijifungue, lisipolingana, legeza hadi lilingane, usikaze. Mchezo wa beringi unaotakiwa kwa kawaida ni milimita 0.025 hadi 0.125, yaani unywele mmoja hivi. Kitabu cha gari lako kikisema vingine, kifuate.

Ukifungua silinda au paipu, toa hewa iliyoingia kwenye mfumo kwa mafuta mapya ya breki kutoka chupa ambayo haijafunguliwa. Mafuta ya DOT 3, daraja la kawaida la mafuta ya breki, hunyonya unyevu wa hewani: yakiwa mapya huchemka si chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, yakishanyonya maji kiwango hushuka hadi 140, na mvuke wake ndio unaofanya pedali izame kwenye mteremko. Oili ya injini isiguse mpira wa breki, utavimba.

Jaribu lori likiwa tupu, polepole, ukikanyaga mara kadhaa kwa upole ili viatu vikae sawa. Simama, usogeze mgongo wa mkono karibu na kila habu bila kuigusa kwanza. Ikiwa moja ina joto kuliko wenzake, rudi ukalegeze. Zikilingana, endelea na kazi, ila spana ya magurudumu iwe ndani ya kabini: baada ya kilomita 80 hadi 160 za mwanzo, nati zote hukazwa upya.