Kupima baiskeli ya shokapu mbili kwa njia za Elgon

Anayekuja karakanani kwangu hapa Mbale kuulizia baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele na nyuma huanza karibu kila mara na milimita za mwendo, yaani gurudumu linapanda kiasi gani shokapu inapobonyea. Hii ina mwendo wa 150? Ile ya 160 si ndiyo bora? Mimi namrudisha kwenye swali lingine: milimita hizo inazitumiaje? Baiskeli mbili zinaweza kuandikiwa mwendo uleule wa 150, moja ikakushikilia kwenye kona na kukusukuma unapokanyaga, nyingine ikazama katikati ya kona ileile na kugonga mwisho kwenye kila jiwe.

Tukumbuke kwanza inakokwenda. Mbale iko kwenye mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari, Sipi karibu 1,800, na ukuta wa Wanale unatusimamia hapo juu ya mji. Hatuna lifti za kupandisha baiskeli kama zile za milima ya Ulaya. Unachokishuka umekipanda mwenyewe, tena kwenye vijia vya mashamba ya kahawa na migomba, na vijia hivyo ni vya watu wanaokwenda kisimani, shuleni na sokoni. Kengele ni kifaa cha lazima, na kusimama kumpisha mama mwenye mzigo kichwani ni sehemu ya uendeshaji wenyewe. Baiskeli ya kushukia tu, hata iwe nzuri namna gani, huku ni mzigo. Kwa anayeendesha kwa nguvu, 130 hadi 150 nyuma na 140 hadi 160 mbele zinatosha kabisa.

Sehemu ninayoitazama kwa muda mrefu kuliko zote ni uwiano wa wenzo wa nyuma. Gurudumu likipanda milimita 150 na shokapu yenyewe ikabonyea 55, basi kwa wastani kila milimita moja ya shokapu imebeba karibu 2.7 za gurudumu. Ila wastani huficha jambo. Tuseme uwiano unaanza na 2.9 na kuishia 2.3, yaani umeshuka kwa asilimia 21 hivi. Mwanzoni gurudumu lina nguvu kubwa juu ya shokapu, kwa hiyo mizizi midogo inamezwa bila taabu. Kadiri linavyopanda, shokapu inazidi kukaza, hata ukitua kutoka kwenye ukingo wa shamba inakupokea bila kugonga. Fremu ambayo uwiano wake haushuki itakulazimisha ujaze upepo mwingi ili isigonge mwisho, na hapo umeupoteza ule ulaini wa mwanzo uliolipia. Vipande vya plastiki vya kupunguza nafasi ndani ya chumba cha upepo husaidia kiasi. Havibadilishi fremu.

Wapo watengenezaji wanaochapisha namba hizi. Zisipochapishwa nazitafuta kwa rula. Nafungua bolti moja ya shokapu, naitoa kwenye kiti chake, kisha nainua gurudumu kidogo kidogo. Kila linapopanda milimita 10 napima umbali kati ya matundu mawili ya bolti za shokapu umepungua kwa kiasi gani. Kumi kugawanya kwa upungufu huo ndio uwiano wa mahali hapo. Ni kazi isiyomaliza saa moja, na ina faida ya pili: shokapu ikiwa imefunguliwa, mkono unasikia viungo vya fremu vilivyo. Sehemu ya nyuma ipande na kushuka kwa uzito wake, bila kukwaruza wala kukwama. Ikicheza upande kwa upande, ama beringi zimekwisha ama bolti haikukazwa, na lazima ujue ni ipi kati ya hizo kabla hujazungumza bei.

Shokapu ikirudi mahali pake, jaza upepo kulingana na uzito wako. Ukiwa umekaa na vifaa vyote, viatu, kofia na maji mgongoni, nyuma izame asilimia 30 hivi. Kwa shokapu ya mwendo wa 55 hiyo ni milimita 16 na nusu, na kile kipete cha mpira kitakuonyesha. Mbele asilimia 20 inatosha. Usiyasahau maji, maana lita tatu ni kilo tatu. Kisha shuka ukingo wa barabara ukiwa umekaa: nyuma ibonyee, irudi, itulie. Ikiendelea kudunda, punguza kasi ya kurudi. Mtu mzito asome pia kikomo cha upepo kilichoandikwa kwenye shokapu. Uwiano mkubwa unataka upepo mwingi, na kuna fremu zitakazomfikisha kwenye kikomo kabla hajapata kipimo chake.

Mlimani ndiko baiskeli inakojieleza. Sikubali kuipima kwenye lami ya mjini na kile kiwiko cha kufungia shokapu kikiwa kimefungwa, kwa sababu kwenye kijia chenye mizizi utakifungua tu, usipokifungua tairi la nyuma litateleza. Ninachotafuta ni mvuto wa mnyororo unaoizuia nyuma isizame kila ninapokanyaga. Mvuto huo ukizidi, kila jiwe linarudishwa kwenye pedeli na mguu unachoka. Ukipungua, unapanda ukiwa umezama na pedeli zinagonga mawe. Muundo wa mbunifu Horst Leitner, ule wenye kiungo mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, huusawazisha vizuri, ingawa nimeendesha fremu za kiungo kimoja tu zilizopangwa kwa akili na zikapanda bila lawama.

Pembe ya bomba la kiti nayo inadanganya. Namba inayotangazwa, tuseme nyuzi 77, mara nyingi imepimwa kwa kiti kilichoinuliwa kiasi fulani tu. Bomba lenyewe likiwa limelala zaidi, mtu mrefu akiinua kiti anajikuta amekaa nyuma kabisa, na kwenye mpando wa Wanale gurudumu la mbele linaanza kuyumba. Kaa juu yake kiti kikiwa kwenye urefu wako wewe. Pembe ya foki ya nyuzi 64 au 65 inatuliza usukani kwenye mteremko mkali. Chini ya hapo, kwenye kona zetu nyembamba za kati ya migomba, naiona imelegea mno.

Mvua ina kipimo chake. Udongo wa Bugisu ukilowa unanata, unajaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Angalia nafasi iliyobaki nyuma ya bomba la kiti na karibu na kiungo kikuu, tairi la inchi 2.4 likiwa limefungwa. Kidole changu kisipopita hapo, hiyo si baiskeli ya miezi ya Aprili na Mei. Matope hayohayo ndiyo yanayoua beringi. Penda fremu inayotumia saizi za kawaida kama 6902, yaani milimita 15 ndani, 28 nje na 7 unene, kwa kuwa hizo unaweza kuziulizia hata kwenye maduka ya vipuri vya magari pale Kisekka, Kampala. Chukua zenye alama 2RS, mihuri ya mpira pande zote mbili. Zenye ZZ ni za bati, na maji hupita. Beringi za viungo zilizo bora hujazwa gololi bila kizimba, maana hazizunguki mzunguko mzima: hutikisika nyuzi chache tu, na gololi zilezile hubeba mzigo uleule kila siku. Ile ya kawaida itaingia na itafanya kazi, lakini itakwisha mapema.

Kwenye breki nataka pistoni nne na diski ya milimita 200 mbele. Halafu nauliza zinatumia mafuta gani. Zile za DOT 5.1 zinapokea pia DOT 4, ambayo ipo katika kila duka la vipuri vya magari, ila hunyonya maji, basi zibadilishiwe kila mwaka. DOT 5 ni kitu kingine kabisa, usiiweke. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini, ambayo hayaharibiki haraka lakini inabidi uwe na chupa yako nyumbani. Ukiyachanganya hayo mawili, mpira wa ndani unavimba na breki imekufa.

Magurudumu ya inchi 29 yanatosha kwa wengi. Endesha bila tyubu, na majimaji ya kuziba matobo ndani, hasa ukielekea upande wa Karamoja kwenye miiba.

Kwa baiskeli iliyotumika kutoka nje, naongeza kipimo kimoja: saizi ya shokapu yenyewe. Tangu 2016 zilipoingia saizi mpya za metriki, kama 210 kwa 55 au 230 kwa 65 (urefu kwa mwendo, kwa milimita), zile za zamani zilizopangwa kwa inchi, kama ile inayofikia milimita 200 kwa 57, zimeendelea kuadimika. Fremu ya namna hiyo ikiuzwa kwa bei ya kuvutia, namwambia mnunuzi atafute kwanza shokapu ya akiba inapatikana wapi na kwa shilingi ngapi, azijumlishe bei hizo mbili, ndipo ailinganishe na ile mpya zaidi iliyosimama pembeni yake.